Kazi Isiyo na Mwenyewe

(Hotuba ya mweka hazina anayestaafu, iliyosomwa mbele ya wanachama na vijana katika mkutano wa ukumbusho wa chama, Buyenzi, Bujumbura)

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Mheshimiwa Mwenyekiti, Masheikh na Maalimu wetu watukufu, wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana ambao mkutano huu hasa ni wenu:

Ama baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), nawashukuru wakubwa wa chama kwa heshima waliyonipa ya kusema nanyi leo, siku ambayo twawakumbuka waliotutangulia katika kazi hii. Nimeombwa nizungumze juu ya jambo moja: kijana atajuaje kwamba ameitwa kuutumikia umma wake? Kwa hakika swali hili lilifaa kujibiwa na mwanachuoni. Mimi ni fundi wa kushona nguo. Elimu yangu ni chuo cha Kurani, miaka michache ya shule, na cherehani. Lakini nimelilinda sanduku la mazishi la chama hiki kwa muda uliozidi nusu ya umri wangu, na leo naukabidhi ufunguo wake. Basi nitasema yale niliyoyaona kwa macho yangu. Moja katika hayo ni kosa langu mwenyewe, ambalo wazee mlio hapa mwalijua na vijana wengi hawalijui.

Watu wakilisikia neno wito hufikiri mimbari. Hufikiri kwamba aliyeitwa hapana budi awe na ulimi mwepesi na kilemba kizuri, na watu wakimsikiliza. Au hufikiri kwamba iko siku mtu ataamka alfajiri, moyo wake umejaa nuru, naye ajue papo hapo kazi aliyoumbiwa. Labda wako waliofunuliwa hivyo. Mimi sikufunuliwa, wala katika wenzangu wote niliofanya kazi nao sikumwona hata mmoja aliyefunuliwa. Niliowaona ni watu waliokuta kazi isiyo na mwenyewe, imelala njiani, wakainama wakaiokota.

Sheria yetu inalo jina la kazi za namna hiyo. Zaitwa fardhi kifaya. Sala tano ni fardhi ya kila mtu kwa nafsi yake, hapana awezaye kumsalia mwenziwe aliye hai. Lakini kumwosha maiti, kumvika sanda, kumsalia na kumzika ni fardhi iliyowekwa juu ya jamaa wote kwa pamoja. Wakitokea wachache wakaitimiza, wote wamesalimika. Asipotokea hata mmoja, wote wana dhambi. Tazameni hekima iliyomo humo, enyi vijana. Hakutajwa jina la mtu atakayeshika jembe, wala jina la atakayeteka maji. Pameachwa nafasi wazi, na kila mmoja wetu apita mbele ya nafasi ile akijiambia kwamba yupo mwingine atakayeingia. Siku moja mtu atazama kulia na kushoto, haoni mwingine. Siku hiyo ndiyo ameitwa.

Mimi niliitwa kwa sababu nalikuwa na mkasi. Sicheki, ni kweli tupu. Nalikuwa kijana wa miaka 22, nimekaa barazani na cherehani ya kukodi, akaja mzee mmoja wa mtaa akasema kwamba kuna maiti nyumba ya tatu na mkata sanda ni mgonjwa. Nilimjibu kwamba mimi nashona suruali, sijui sanda. Akaniambia kwamba sanda haitaki cherehani, yataka mtu mwenye mkono usiotetemeka. Nikaenda. Nikafundishwa vitambaa vitatu vya mwanamume na vitano vya mwanamke, na kafuri na pamba vitumikavyo wapi. Safari ya pili hawakuuliza tena kama najua. Safari ya kumi, watu wakawa wakifiwa usiku hugonga kwangu kabla ya kugonga kwa jamaa zao.

Kazi ya sanduku nayo ilinijia kwa njia kama hiyo. Mwajua kwamba katika siku za Wabelgiji, tangu 1916 hata uhuru wa 1962, shule nyingi za nchi hii zilikuwa mikononi mwa misheni, na wazee wetu wengi waliogopa kuwapeleka watoto wao wasije wakageuzwa dini. Wazee wale hawakuwa wajinga. Walisoma Kurani, wakaandikiana barua kwa herufi za Kiarabu, na hesabu za biashara ya ziwani waliziweka vichwani mwao bila ya kupoteza hata senti. Lakini karatasi za serikali na za benki zilitaka herufi za Kizungu, na waliozijua walikuwa wachache katika chama. Mimi nalizijua kidogo. Basi nikapewa daftari, na pamoja na daftari nikapewa sanduku, na ufunguo mmoja, na hapana aliyeniuliza swali lolote. Waliniamini. Na hapo ndipo palipokuwa na hatari, maana si chama wala mimi tuliyejua kwamba imani peke yake haitoshi kulinda fedha.

Kabla sijalisimulia kosa langu nataka niwakumbushe habari moja ambayo Masheikh wetu waijua kuliko mimi. Alikuwako Madina mwanamke aliyekuwa akifagia msikiti wa Mtume (S.A.W.). Hatusikii kwamba alikuwa na mali wala kabila kubwa. Akafa, na Masahaba wakamzika bila ya kumpa Mtume habari, kwa kuliona jambo lake kuwa dogo. Mtume alipomkosa akauliza, na alipoambiwa kwamba amekufa hakupendezwa na kutoarifiwa. Akataka aonyeshwe kaburi lake, akaenda akamsalia pale kaburini. Mimi huitafakari sana habari hii. Mwanamke yule hakuchaguliwa na mkutano. Aliona uchafu msikitini, akachukua ufagio. Na mtu wa kwanza kuona kwamba pahali pake pamekuwa patupu ni Mtume mwenyewe.

Sasa nisikilizeni kosa langu.

Mwaka 1985 nalikuwa nimeshalilinda sanduku miaka mitatu, nikajulikana mtaani kote. Watu waliniita mtu wa sanda, wakinipisha njiani. Kidogo kidogo, bila ya kujua, nikaanza kusema "sanduku langu". Akaja rafiki yangu mmoja, mtu mwema, mwenye watoto watano, biashara yake imeanguka. Aliona mawese yakiuzwa kwa bei ndogo kule Rumonge, akataka mkopo wa wiki mbili ayalete mjini. Sanduku lilikuwa na faranga 12,000 na zaidi kidogo. Nikafikiri: hakuna aliyekufa wiki hii, fedha zalala bure, na kumsaidia Mwislamu mwenye dhiki ni thawabu. Nikampa faranga 12,000. Sikuandika katika daftari, kwa sababu nilijiambia kwamba zitarudi kabla ya wino kukauka. Wiki mbili zikapita, na ya tatu, na ya nne. Gari lililochukua mawese lilikuwa limepinduka njiani, na rafiki yangu alikuwa akinikimbia kwa haya.

Usiku wa Jumamosi moja akafa mchukuzi wa bandarini, mtu wa ng'ambo ya ziwa, hana mke hapa wala ndugu. Wenziwe wawili wakaja kwangu na taa. Nikawaambia tungojeni asubuhi. Asubuhi waosha walikuwa tayari, maji yameteka, kaburi limechimbwa, sanda haipo. Mtasema: kwa nini hukuomba? Mtaa wa Buyenzi haujapata kukosa watu watakaochanga sanda ya maskini. Naam, ningaliweza kuomba. Lakini kuomba kulitaka kusema sanduku limekwenda wapi. Basi nikazunguka, nikasema duka limefungwa, nikasema mwenye bafta ametoka, nikasema hili na lile, hata ikaadhiniwa adhuhuri na maiti yu palepale juu ya kitanda, amefunikwa shuka yake ya kulalia. Dini yatuamuru kumharakisha maiti, na mimi nilimchelewesha ili nisiaibike.

Alikuwako mama mmoja mzee, mjane, jirani wa nyumba ile. Alinitazama nilipopita mara ya tatu. Hakuniuliza neno. Akaingia ndani, akatoka na kifurushi. Nyote mwaijua desturi ya wazee wetu ya kujiwekea sanda sandukuni, ili siku ikifika wasiwe mzigo kwa mtu. Ilikuwa sanda yake, bafta iliyokunjwa pamoja na kafuri, aliyoinunua kwa fedha za kuuza vitumbua. Nikarudi nyuma nikamwambia, "Mama, hii ni yako." Akanijibu, "Mwanangu, mimi sijafa. Huyu amekufa."

Nikakata vitambaa vitatu. Mkono wangu ulitetemeka siku ile.

Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, nilisimama nikawaeleza watu wote. Wako waliotaka nifukuzwe, nao walikuwa na haki. Lakini mzee mmoja wa kamati akasema kwamba mtu aliyekwisha kuungua ndiye ajuaye moto uko wapi, na kwamba kosa halikuwa la kijana peke yake, bali la chama kizima kilichompa mtu mmoja sanduku, ufunguo na daftari, kisha kikaenda kulala. Wakanibakiza kwa masharti. Nililipa deni lile kwa miezi minne, nikishona sare za shule mpaka usiku wa manane. Sanda ya mama yule niliinunua kwa fedha zangu, nikampelekea. Aliishi miaka 11 baada ya hapo, na ndiyo aliyozikwa nayo. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Masharti yale ndiyo sheria za sanduku hata leo, na vijana hamna budi kuyajua. Sanduku lina kufuli mbili, na funguo zake hukaa nyumba mbili. Faranga haitoki ila kwa sahihi za watu wawili na cheti cha aliyeipokea. Fedha za mazishi hazikopeshwi, hata ikiwa sababu ni njema kiasi gani, maana mimi sikuharibiwa na sababu mbaya, niliharibiwa na sababu njema. Na Ijumaa ya kwanza ya kila mwezi hesabu husomwa mbele za watu, kilichoingia na kilichotoka, hata kama kilichoingia ni kidogo cha kutia haya. Siku hizi mchango mwingi huja kwa simu. Basi nawausia: simu ya chama isiandikishwe kwa jina la mtu mmoja, na namba yake ya siri isijulikane na mtu mmoja. Simu ni sanduku tu, lakini huchukulika mfukoni.

Msidhani kwamba kuandika na kusomeana hesabu ni kumtuhumu mtu. Katika Sura ya Al-Baqara, aya ndefu kuliko zote za Kurani yahusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Haikuteremshwa kwa wezi. Iliteremshwa kwa waumini. Na Mtume (S.A.W.) alipomtuma Ibn al-Lutbiyya kukusanya zaka, mtu yule aliporudi akagawa mafungu mawili, akasema hili lenu na hili nimepewa mimi zawadi. Mtume akapanda mimbari akalikemea jambo hilo, akauliza: lau angalikaa nyumbani kwa baba yake au mama yake, je, zawadi hiyo ingalimfuata huko? Kila mtumishi wa umma na ajiulize swali hilo. Heshima nipewayo njiani, kiti niwekewacho harusini, je, vingalinifikia lau nisingalikuwa na daftari la watu? Kama havingalinifikia, basi si vyangu.

Sasa nije katika jambo ambalo vijana huniuliza kwa sauti ndogo, kwa kuona haya: je, mtu ale nini? Wengine wasema kwamba anayeitumikia jamii lazima afanye bure, na akipokea hata senti ameuza thawabu zake. Wengine, kwa upande wa pili, huingia katika chama wakitafuta mshahara, na usipopatikana huondoka. Pande zote mbili zimekosa njia. Katika watu wanane waliotajwa katika Sura ya At-Tawba kuwa ndio wapewao zaka, wamo wale waitumikiao zaka yenyewe, na Mwenyezi Mungu hakuwaonea haya kuwataja. Abubakar (R.A.) siku aliyokuwa khalifa alitoka kwenda sokoni na nguo zake begani ili auze kama desturi yake, maana alikuwa na watu wa kuwalisha, na wakubwa wa Masahaba wakamrudisha wakamkatia posho ya kumtosha. Na Umar (R.A.) alipoiweka wakfu ardhi yake ya Khaybar kwa shauri la Mtume, isiuzwe, isitolewe zawadi, wala isirithiwe, sharti lilimruhusu msimamizi ale humo kwa wema, pasipo kujilimbikizia mali. Basi mpaka upo, nao wajulikana. Chama kikiweza kumpa mwalimu wa chuo posho yake, na kimpe waziwazi, na iandikwe. Kisichofaa ni posho ya gizani.

Na kwa habari ya nyumba zetu nina neno la majuto. Zilikuwako siku nilikwenda kuosha maiti wa watu na mtoto wangu yu na homa ndani. Mke wangu, Mwenyezi Mungu amzidishie uzima, aliniambia siku moja, "Wewe wajulikana Buyenzi nzima kwa huruma, ila nyumba hii." Sikuwa na la kumjibu. Tangu hapo tukapanga zamu, watu wanne kwa wiki, na kazi haikupungua hata chembe. Ikazidi. Ajionaye kwamba bila yeye kazi itakufa amekwisha kujifanya mwenyewe wa kazi, na hilo ndilo kosa langu la 1985 limevaa kanzu nyingine.

Ndugu zangu, mengi ya miaka hii mwayakumbuka wenyewe. Baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa tarehe 21 Oktoba 1993, nchi yetu iliingia katika vita vya miaka mingi. Mitaa mingi ya mji huu ilitengana, Wahutu upande huu, Watutsi upande huu. Buyenzi ilibaki mtaa wa watu wote, ikawapokea waliokimbia kwao. Sisemi kwamba hatukuogopa. Tuliogopa sana. Watu walilala barazani mwetu, katika vyuo vyetu, Waislamu na wasio Waislamu, na watoto walilia njaa. Wakaja vijana kwangu wakasema: fungua sanduku. Nikawaambia sina ruhusa. Wakaniona mtu wa moyo mgumu. Kamati ikakutana usiku uleule, ikatoa jibu ambalo hata leo naliona kuwa jibu la busara: sanduku la mazishi halifunguliwi kwa chakula, maana siku hizi mazishi ni mengi, lakini kesho asubuhi litawekwa sanduku la pili. Likawekwa. Waliochanga walileta unga, maharagwe, mikeka, kanga za zamani. Hapana aliyeandika kabila la mpokeaji katika daftari lile. Lilikuwa na safu tatu tu: siku, kitu, na idadi ya watu nyumbani. Hata njaa ilipotubana, hapana siku maiti wetu alikosa sanda.

Tarehe 27 Januari 2013 soko kuu la Bujumbura liliungua. Wachangaji wetu wakubwa walikuwa wenye vibanda mle, na wengine katika asubuhi moja hawakubaki na kitu ila nguo walizovaa. Mwezi ule nilifikiri hesabu ya Ijumaa isisomwe, nisiwatie watu unyonge. Kamati ikakataa, ikasomwa. Mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akitoa faranga 10,000 kila mwezi alikuja na faranga 200, akasimama mbele ya meza mpaka alipoona jina lake limeandikwa. Mwaka uliofuata, mvua ya usiku wa kuamkia tarehe 10 Februari 2014 ilibomoa nyumba nyingi kaskazini mwa mji na kuua watu zaidi ya 60. Waliokwenda kuchimba matope na kuosha maiti hawakuwa watu wa kamati. Wengi walikuwa mafundi wa magereji yetu, vijana wenye oili mikononi, ambao kabla ya siku ile hatukuwaona mkutanoni. Baadhi yao wako nasi leo, nao ndio viongozi wa zamu. Waliitwa vile nilivyoitwa mimi. Mimi nalikuwa na mkasi, wao walikuwa na sepetu.

Wako wasemao: tungoje tajiri, tungoje msaada wa nje, ndipo tufanye kazi kubwa. Nawaombeni mtazame kwa majirani zetu. Ilipoanzishwa East African Muslim Welfare Society mjini Mombasa mwaka 1945, kwa shauri la Aga Khan wa Tatu, Sultan Mahomed Shah, ahadi yake ilikuwa kuongeza shilingi yake juu ya shilingi waliyoichanga Waislamu wenyewe. Hata tajiri yule alitaka kuona kwanza mkono wa maskini umenyooshwa. Na kule Kampala, kilima cha Kibuli chenye msikiti na shule kilijengeka juu ya ardhi iliyotolewa na Mwana wa Mfalme Badru Kakungulu, aliyeishi tangu 1907 hata 1991. Yeye alikuwa na ardhi, akatoa ardhi. Mwenye vitumbua alitoa sanda. Kila mmoja alitoa kilichokuwa sandukuni mwake, wala hakusubiri apate cha mwingine.

Basi kijana atajuaje? Nimeahidi kujibu, nami najibu kwa maswali matatu, ambayo kila mtu na ajiulize nafsi yake faraghani.

La kwanza: je, waweza kuifanya kazi hii siku ambayo hapana mtu atakayejua kwamba ni wewe uliyeifanya? Waosha maiti wetu, wanaume na wanawake, hufunga mlango. Waliyoyaona ndani hawayasemi nje, na aliyeoshwa hawezi kuwashukuru.

La pili: je, waweza kufungua daftari lako mbele ya adui yako? Sisemi mbele ya rafiki. Rafiki alisoma daftari langu miaka mitatu, akasema masha Allah.

La tatu, nalo ndilo gumu: je, waweza kuiacha? Kazi hii uliikuta haina mwenyewe. Ukiishika miaka mingi itakunong'oneza kwamba wewe ndiwe mwenyewe. Chama kitakuwa chako, msikiti wako, mayatima wako, na vijana wakija na shauri jipya utawaona kama wezi waliovunja mlango. Ukifika hapo wito umekwisha, na kilichobaki ni cheo. Wito wa kweli ni amana. Amana hupokewa, hutunzwa, kisha hurudishwa.

Ndiyo sababu leo narudisha. Macho yangu hayaoni tena uzi katika sindano, sembuse tarakimu katika safu. Ufunguo wa kwanza namkabidhi kijana fundi wa gereji, aliyechaguliwa na zamu. Ufunguo wa pili atashika binti yetu mwalimu wa chuo, ambaye pia ni mwosha wa wanawake. Daftari nimelifunga jana usiku mbele ya watu wanne. Zilizomo zimo, zilizotoka zina vyeti. Kama ipo senti iliyokosea, nitafuteni nikiwa hai. Nawaombeni nyote mlioniazima subira yenu mniwie radhi, na mwenye haki yake kwangu asinyamaze mpaka siku ambayo hesabu husomwa na Mwingine.

Nina jambo moja dogo la mwisho. Nyumbani kwangu, sandukuni, ipo bafta iliyokunjwa na kafuri ndani yake. Nimemwonyesha mke wangu na wanangu mahali ilipo. Nimewaambia pia kwamba akitangulia mtu mwingine na sanda ikakosekana, wasije kuniuliza ruhusa.

Mwenyezi Mungu awarehemu wote waliobeba jeneza la chama hiki kabla yetu, na mama yule mzee mbele yao. Azijaalie nyoyo za vijana wetu kuona nafasi zilizo wazi. Atukubalie kidogo tulichofanya na atusamehe kikubwa tulichokosa. Amin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.